Kitu Kikipotea Darasani: Mwalimu Afanye Nini?

Miongoni mwa mambo yanayomtaabisha mwalimu mgeni kazini, wizi wa darasani haukosi kutajwa. Andalio la somo amelikamilisha usiku, zana zake ziko mezani, wanafunzi wameketi kimya, mara mmoja anasimama na kusema, "Mwalimu, mkebe wangu wa hesabu umeibwa." Kwa jambo hili hakuandaa chochote, na hapo ndipo makosa makubwa hutendeka. Makala haya tumewakusudia wanachuo wanaokwenda mazoezi ya kufundisha katika shule za Ngara na Biharamulo, pamoja na walimu wanaowapokea huko.

Haraka na madhara yake

Mwezi Agosti 2018, katika mkoa wetu huu wa Kagera, mwanafunzi wa Darasa la Tano wa Shule ya Msingi Kibeta, Bukoba, alifariki dunia baada ya kuchapwa kwa tuhuma ya kuiba mkoba wa mwalimu. Taarifa zilizotolewa baadaye zilieleza kwamba mkoba ule ulikuwa umebaki kwa mwendesha bodaboda. Walimu wawili walifikishwa mbele ya Mahakama Kuu kwa shtaka la mauaji.

Hatulitaji tukio hili ili kuwasimanga walimu. Twalitaja kwa sababu mwanzo wake haukuwa tofauti na mwanzo wa mambo tunayoyaona kila muhula: kitu hakionekani, na swali "Nani ameiba?" likatangulia swali "Je, kimeibwa?" Jembe lililoachwa shambani baada ya kazi za mikono, dumu la maji lililochukuliwa na mtoto wa darasa jingine kwa kufanana, peni iliyotumbukia nyuma ya dawati, vyote hivyo huitwa vimeibwa kabla havijatafutwa. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya mwalimu ni hii: kitu kisichoonekana kimepotea tu, mpaka ithibitike vinginevyo.

Dalili zinazodanganya

Walimu wengi hujiamini kuwa wanaweza kumtambua mwizi kwa kumtazama usoni. Katika wilaya hizi imani hiyo ni ya hatari kwa sababu tatu.

Kwanza ni lugha. Mtoto wa Ngara huenda nyumbani anasema Kihangaza au Kishubi. Wa Biharamulo huenda anasema Kisubi, Kizinza au Kisukuma. Akiwa Darasa la Kwanza au la Pili, Kiswahili chake bado ni kichanga. Akiulizwa kwa ukali, hunyamaza au husema "ndiyo" ili maswali yakome. Kunyamaza huko si kukiri.

Pili ni adabu. Mtoto aliyelelewa vema hufundishwa kuinamisha macho mbele ya mkubwa anayemkaripia. Mwalimu aliyetoka mbali huweza kuisoma heshima hiyo kuwa ni hatia.

Tatu ni sifa mbaya inayomtangulia mtoto. Tuhuma huteremka haraka kwa yule asiye na sare nzima, kwa yatima anayelelewa na bibi, au kwa mtoto wa wageni. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara katika muda wa siku moja hivi, na mpaka huo umepitisha wakimbizi wa Burundi pia kwa vipindi mbalimbali. Jina "mkimbizi" limewahi kutumika kama tusi hata kwa mtoto aliyezaliwa hapa hapa. Mwalimu akilifuata kundi katika kumshuku mtoto wa namna hiyo, anakuwa amefundisha somo ambalo halimo katika muhtasari wowote.

Hatua za kufuata

Tuchukue mfano wa ule mkebe, katika Darasa la Sita.

(a) *Mwalimu aendelee na kipindi.* Amwambie mwenye mkebe, "Nimesikia. Tutalishughulikia baada ya somo," na amwazime vifaa. Hasira ya dakika ya kwanza ipite bila kufanya kazi yoyote.

(b) *Azungumze na aliyepotelewa peke yake.* Alikiona kitu mara ya mwisho saa ngapi? Alimwazima nani? Je, alitoka nacho nyumbani? Kisha waende pamoja kukitafuta.

(c) *Atoe njia ya kurudisha bila aibu.* Alieleze darasa kwamba mkebe haujaonekana, na kwamba aliyeuokota, aliyeuazima au aliyeuchukua anaweza kuuacha katika boksi lililowekwa mahali ambapo hakuna anayemwona, mpaka kesho asubuhi. Ukirudi, asimtafute aliyeurudisha. Mtoto aliyejirudi mwenyewe amekwisha jifunza jambo ambalo kiboko hakiwezi kumfundisha.

(d) *Kama yupo anayetajwa, aulizwe faraghani.* Awepo mwalimu wa pili. Kwa msichana, awepo mwalimu wa kike. Maswali yawe ya kumpa mtoto nafasi ya kueleza: "Nieleze ulivyofanya wakati wa mapumziko," wala si "Kwa nini umeiba?" Asiyemudu Kiswahili atafutiwe mtu mzima anayejua lugha yake. Asivuliwe nguo, asitishwe, asiahidiwe msamaha ili akiri.

(e) *Pasipo uthibitisho, shauri lifungwe.* Hatua hii ndiyo ngumu kuliko zote, kwa kuwa mwalimu huona kana kwamba ameshindwa. Hakushindwa. Mkebe huweza kununuliwa mwingine. Mtoto aliyeitwa mwizi bure huacha shule, au hulikubali jina na kuanza kulifanyia kazi.

Yako mambo ambayo yasifanyike kabisa: kuliadhibu darasa zima ili mmoja ajitokeze, kumsimamisha mtoto mstarini na bango kifuani, na kumwita mganga apige ramli. Adhabu ya darasa zima huwafundisha wasio na kosa kwamba uaminifu hauna faida.

Mtoto akithibitika kuchukua

Hapo mwalimu ajiulize sababu. Aliyechukua peni kwa kuwa hana peni hafanani na aliyechukua fedha ili akubalike kwa wakubwa wanaomtuma. Aliyechukua kiporo cha mwenzake saa sita huenda hajala tangu jana. Na wa Darasa la Kwanza huenda bado hajatenganisha barabara changu na chako. Sababu haifuti kosa, lakini ndiyo inayoonyesha dawa.

Dawa ya kwanza ni kurudisha. Kama kitu kimeharibika, mtoto akilipie kwa namna anayoimudu, mzazi akijua. Ya pili ni kuomba radhi kwa aliyekosewa, faraghani. Ya tatu ni kumwita mzazi au mlezi kwa ajili ya mashauri, na si kwa ajili ya kumwaibisha mbele ya ofisi nzima. Ya nne ni kumpa mtoto dhamana ndogo baada ya muda, mathalani kugawa madaftari, ili ajue kwamba mlango haukufungwa.

Kuhusu viboko, mwanachuo hana budi kuijua sheria. Kanuni za mwaka 2002 zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 zilikiweka kiboko kuwa ni kwa makosa mazito tu, kisizidi mara nne. Mwenye mamlaka ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Na kila adhabu iandikwe katika kitabu maalumu. Nayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza adhabu ya kikatili au isiyolingana na umri na hali ya mtoto. Mwanachuo aliye mazoezini asishike kiboko. Fimbo iliyopigwa kwa hasira hukimaliza kipindi cha kuulizana, na ukweli hauonekani tena.

Kuzuia ni bora

Vitu viandikwe majina. Mwalimu asilete mezani fedha wala simu yake na kuviacha. Kuwe na boksi la vilivyookotwa, na anayeleta kitu atajwe kwa wema mstarini. Peni chache za akiba katika meza ya mwalimu huondoa vishawishi vingi. Na pale ambapo wazazi wamekubaliana kuchangia mahindi na maharage kwa chakula cha mchana, mwalimu aunge mkono kwa nguvu zote, maana mtoto aliyeshiba hana haja ya kiporo cha mwenzake.

Mwizi wa leo darasani ni mtoto aliyekabidhiwa kwetu pamoja na yule aliyeibiwa. Wote wawili ni wanafunzi wetu, na wote wawili wanatutazama tutafanya nini.

Maswali ya kujadiliana

1. Jembe la mwanafunzi halionekani baada ya kazi ya shamba. Orodhesha mambo manne utakayoyachunguza kabla ya kutumia neno "wizi".
2. Mwalimu mwenzako mwenyeji anakutaka ulichape darasa zima. Utamjibuje kwa heshima, bila kuacha msimamo wako?
3. Mtoto aliyetuhumiwa bure amerudi darasani. Utawaambia nini wenzake, na yeye mwenyewe utamwambia nini?