Uchovu Huu ni wa Kulala au wa Kutembea?

Kwa wakazi wa Musoma, Bunda na Butiama

Jipime kwanza

Umeamka mzito, na wenzako wa mchakamchaka wameshafika Uwanja wa Karume. Kabla hujajiita mvivu, jiulize: nina homa? Viungo vinauma? Ninaharisha? Nina kikohozi cha kifuani? Ukijibu "ndiyo" hata mara moja, leo pumzika. Yale maneno ya kijiweni kwamba jasho linatoa malaria hayana ukweli. Nenda zahanati upime. Ukipewa dawa ya mseto, maliza dozi yote ya siku tatu, hata ukipata nafuu siku ya pili. Mafua mepesi yasiyo na homa hayakuzuii kutembea taratibu.

Uchovu wa wiki nzima, na nyingine tena, huo una lake jambo. Kandokando ya Ziwa Victoria kuna kichocho cha tumbo, ugonjwa unaopunguza damu polepole. Mtu anahema akipanda mlima Mukendo, anasingizia umri. Wajawazito na wenye hedhi nzito nao hupungukiwa damu. Kapime damu na choo. Na wale wanaomaliza mbio kwa kujitosa ziwani wapoe, wajue kichocho hupatikana humo humo. Oga nyumbani.

Kanda ya Ziwa pia ina wagonjwa wengi wa selimundu (sikoseli). Mwenye selimundu hakukatazwa mazoezi, ila asishindane, anywe maji kabla ya kiu, apumzike mara kwa mara na asiingie kwenye maji baridi. Walimu wa michezo, mtoto akisema mifupa inamuuma, msimwite mtegaji.

Ukishajua kwamba huumwi

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kulima na kuendesha baiskeli vimo. Kwa hiyo aliyeshinda kwenye palizi ya pamba huko Bunda hana deni, alale. Mwenye deni ni dereva wa bodaboda, muuza duka na karani, ambao huchoka kwa kukaa. Uchovu wa namna hii mara nyingi hupungua ukitembea.

Siku ya uchovu huo punguza mazoezi, usiyafute. Tembea dakika kumi. Ukiona bado mzito, geuza urudi, umeshafanya. Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza kuunga mkono Azimio la Arusha, zaidi ya kilomita 200. Hata yeye aliigawa safari kwa siku kadhaa. Pia patana na jirani akupitie alfajiri. Kumwambia mtu aliyesimama mlangoni kwamba huendi ni kazi kuliko kwenda.

Wavuvi wa dagaa

Aliyekesha ziwani na taa asidanganywe na ratiba za watu wa ofisini. Akitoka majini ale, alale. Mazoezi ayapangie siku za mbalamwezi, mitumbwi inapokaa ufukweni.

Simama hapo hapo

Kifua kikibana, ukipata kizunguzungu, au pumzi zikikata hata ukiwa umekaa, acha mazoezi. Usirudi nyumbani peke yako ukajilaze: mwombe uliye naye akufikishe kituo cha afya kilicho karibu.