Cheche ya Kuchomelea: Unavuta Hewa Gani?

Kijana, ukitoka Darajani ukaingia Ng'ambo hukosi kuona karakana ya kuchomelea vyuma. Fundi ana kioo usoni. Je, yule mdogo anayemshikia nondo ana nini? Mara nyingi hana kitu, au ana miwani ya jua tu. Somo hili ni lake hasa.

Ile cheche si moto wa kawaida. Ni plazima, yaani hewa iliyopigwa na umeme mpaka elektroni zikachomoka kwenye atomu. Joto lake hupita nyuzi 6,000 za Selsiasi, kushinda uso wa jua! Humo oksijeni na nitrojeni huvunjika, na vipande vikiungana upya hutoka oksidi za nitrojeni, gesi kali kwa mapafu.

Wataalamu wanajuaje, na kipimo ukikitia humo kitayeyuka? Wanatumia kompyuta. Nafasi yote inayoizunguka cheche hugawanywa vijichumba maelfu, na kwa kila kimoja kompyuta hupiga hesabu: elektroni imegonga nini, kumezaliwa nini, kumevunjika nini. Hatua moja ya hesabu yaweza kuwa fupi kuliko sehemu ya bilioni ya sekunde. Kisha majibu hulinganishwa na vipimo vya nje, maana hesabu peke yake ni kubahatisha.

Sasa sikiliza. Kuna gesi nyingine, ozoni, nayo haistahimili joto; karibu na cheche huvunjika. Inayobaki huzaliwa pembeni, kwenye hewa iliyopoa inayopigwa na mwanga wa urujuanimno, usioonekana kwa macho. Kumbe ni pale pale anaposimama msaidizi! Kwenye alumini ndiyo huzidi.

Mwanga huo huo huunguza macho. Mchana huhisi kitu. Baada ya saa kama 6 hadi 12, usiku umelala, macho yanachoma kama yametiwa mchanga. Usiyapikiche, wala usitie maziwa. Nenda kliniki ya macho, Mnazi Mmoja ipo.

Mwaka 2017 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa kuchomelea, pamoja na mwanga wake, katika kundi la vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu.

Vyumba vya Mji Mkongwe vingine havina upepo, basi grili itoeni uani. Kitambaa puani hakizuii gesi. Kioo kiwe namba 10 au zaidi kwa kazi ya kijiti, na viwe viwili: cha fundi, na cha anayeshika nondo.