Dondoo muhimu: Kuchagua detekta ya dhahabu na sarafu

Detekta huchaguliwa kwa kuangalia aina ya ardhi na kitu kinachosakwa. Bei huja baadaye.

1. Kwa punje ndogo za dhahabu, chukua yenye masafa ya juu, kilohezi 30 na zaidi. Kwa sarafu, 5 hadi 15 hutosha.
2. Udongo mwekundu wenye chuma kingi na mchanga wa pwani uliolowa huifanya detekta ya kawaida ilie ovyo. Hapo hufaa detekta ya mapigo, ingawa haibagui vizuri: misumari itachimbwa mingi.
3. Usivutwe na koili kubwa. Hufika chini zaidi, lakini hupitwa na punje ndogo na kuchosha mkono.
4. Uliza kama boksi la betri nalo halipitishi maji. Mara nyingi ni koili tu.
5. Kabla ya kulipa, fukia kipande cha risasi cha ukubwa wa harage, vaa hedifoni, kisha pitisha koili polepole.
6. Muuzaji anayeahidi sarafu moja kwa kina cha mita 5 aachwe. Sentimita 30 tayari ni nyingi.
7. Nchini Tanzania, pata leseni ya madini kwanza. Magofu kama ya Kilwa Kisiwani hayachimbwi bila kibali.