Kumsaidia Mwenzi Wako Kurudi Kazini Pole Pole



Siku moja baada ya Misa, mama mmoja alinisubiri nje ya kanisa. Bwana wake ni karani katika kiwanda cha chai, na kwa miezi miwili hakuwa ameenda kazini. Haikuwa malaria, wala haikuwa pombe. Alikuwa akilala mchana kutwa, hataki chakula, hataki kuongea na watoto, akisema yeye ni mzigo tu. Daktari alimtibu, naye akaanza kupata nafuu.

"Katekista," mama akaniambia, "kule ofisini nilisema ana homa ya matumbo. Sasa anataka kurudi, nami naogopa. Akirudi ataanguka tena. Asiporudi, tutakula nini?"

Labda swali hili liko hata nyumbani kwako. Magonjwa ya hisia si ya namna moja. Mmoja hushikwa na huzuni nzito isiyoondoka kwa wiki nyingi. Mwingine hupanda na kushuka: mwezi huu yuko shimoni, baadaye amejaa nguvu kupita kiasi, halali, anaongea bila kukoma na kutumia pesa ovyo. Huu si uvivu, si laana, wala si ukosefu wa imani. Ni ugonjwa, na una matibabu.

Tumkumbuke nabii Eliya (1 Wafalme 19). Alichoka hata akamwomba Mungu amwondolee uhai. Mungu hakumkemea. Alimpa usingizi, mkate na maji, kisha usingizi na chakula tena. Baadaye ndipo akamrudisha kazini, tena akampa Elisha wa kumsaidia. Angalia utaratibu huo: kupumzika kwanza, halafu kazi, na kazi yenyewe pamoja na msaidizi.

Wengi hudhani mgonjwa lazima apone kabisa ndipo arudi kazini. Lakini kukaa bure muda mrefu mno nako huumiza. Mtu hupoteza mazoea, marafiki na heshima yake. Huko Marekani, tangu miaka ya 1990, imeonekana kwamba wagonjwa wengi wa akili hufaulu zaidi wakipata kazi ya kawaida mapema huku wakiendelea kusaidiwa, kuliko kufundishwa muda mrefu kwanza. Kazi kwa kipimo ni sehemu ya kupona. Basi wewe mwenzi ufanye nini?

1. Acheni uongo. Nendeni pamoja kwa daktari, mwombe barua inayoeleza kazi ambayo mgonjwa anaiweza kwa sasa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi, baada ya miezi miwili kazini, angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara kila mwaka, akiwa na cheti cha daktari. Sheria hiyo pia inakataza kumbagua mtu kwa sababu ya ulemavu au hali ya akili.

2. Ombeni kipimo. Nusu siku kwa wiki za kwanza, bila zamu ya usiku, na msimamizi mmoja anayejua habari zake. Hayo mkubwa mwenye busara huweza kuyakubali.

3. Msiache dawa. Dawa za huzuni huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na mtu akijisikia vizuri hushawishika kuziacha. Zikimletea usingizi kazini, mwulize daktari kama saa ya kuzimeza inaweza kubadilishwa. Anayetumia lithiamu apimwe damu kama alivyoagizwa, na asikose maji ya kunywa.

4. Lindeni usingizi. Kwa yule anayepanda na kushuka, kukesha usiku mmoja au mbili kunaweza kuamsha ugonjwa. Akianza kuomba kazi za ziada na kukopa pesa kwa furaha isiyo ya kawaida, usishangilie upesi. Wakati yuko salama, kubalianeni dalili hizo ni zipi, na nani atashika pesa zikitokea.

5. Usiwe askari wake. Kumwuliza kila jioni, "Umefukuzwa?" kunamvunja moyo. Mpikie, tembea naye kidogo, msikilize. Nawe pia uwe na mtu wa kukusikiliza katika Jumuiya.

6. Akisema anataka kufa, msadiki. Usimwache peke yake, ondoa dawa za shamba na kamba nyumbani, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Yule mama na bwana wake walikwenda kwa daktari pamoja. Mkubwa wa kazi alisoma barua, akamweka zamu ya asubuhi tu kwa wiki sita. Mwezi wa tatu huzuni ilirudi. Alipumzika siku tatu, akaonana na daktari, akarudi mezani pake. Mama aliniambia, "Zamani ningelia kwamba yote yamekwisha. Sasa najua ni siku tatu tu."

Siku ya harusi mliahidiana uaminifu katika afya na katika ugonjwa. Ahadi hiyo haikutaja ugonjwa wa mwili peke yake.

Ya kujadiliana nyumbani: Je, kuna ugonjwa tunaouficha? Ni dalili gani mwenzangu aniambie akiziona kwangu? Ni nani kazini tunayeweza kumwamini?