Linda Kabeji Zako na Uozo Mweusi

Mkulima, pita katika shamba lako la kabeji baada ya mvua, ukatazame kingo za majani. Ukiona sehemu ya manjano yenye umbo la herufi V, pana ukingoni na nyembamba kuelekea katikati ya jani, tena mishipa yake ni myeusi, jua kwamba uozo mweusi umeingia. Kata shina la kabeji hiyo: mara nyingi utaona duara jeusi ndani.

Ugonjwa huu huletwa na bakteria, vijidudu visivyoonekana kwa macho. Huingia kwa vitundu vidogo vilivyo ukingoni mwa jani, au kwa majeraha, kisha hufuata mishipa mpaka shinani. Kabeji hudumaa, majani huanguka, na kichwa huoza na kunuka. Hakuna dawa ya kuponya kabeji iliyokwisha kushikwa. Basi zuia ugonjwa kabla ya kupanda, la sivyo jasho lako la miezi mitatu litaozea shambani.

Fanya hivi:

1. Nunua mbegu safi. Ugonjwa husafiri ndani ya mbegu. Usitoe mbegu katika shamba lililougua. Mbegu usiyoiamini yaweza kutiwa katika maji ya moto ya digrii 50 za sentigredi kwa dakika 25, kisha ipoezwe na kukaushwa. Lazima upime kwa kipimajoto, kwa maana joto likizidi, mbegu hufa. Likipungua, kazi ni bure.

2. Weka kitalu mahali pasipopandwa kabeji wala sukuma wiki kwa miaka mitatu. Mche mmoja mgonjwa waweza kuambukiza kitalu kizima.

3. Badilisha mimea. Baada ya kabeji, panda mahindi, maharagwe, viazi au vitunguu kwa muda wa miaka miwili au mitatu. Sukuma wiki na koliflawa si badiliko, kwani ni jamaa wa kabeji na huugua vilevile.

4. Ng'oa magugu, hasa haradali mwitu, ambayo huficha ugonjwa.

5. Mwagilia maji chini kwenye mizizi, wala si juu ya majani. Matone yanayoruka hubeba bakteria kutoka jani hadi jani. Usipalilie wala kuvuna majani yakiwa na umande.

Ukiona kabeji chache zinaugua, zing'oe siku hiyo hiyo majani yakiwa makavu, uzichome au uzifukie mbali na shamba. Usizitupe katika lundo la mboji. Osha mikono, jembe na kisu kabla ya kwenda sehemu nyingine. Baada ya mavuno, usiache mashina yamesimama. Yalime yafukiwe yapate kuoza upesi.

Kama una shaka, mpelekee Afisa wa Kilimo jani moja ndani ya karatasi, akuangalizie. Jirani yako naye mwambie, kwa kuwa maji ya mvua yatokayo kwake hupita kwako.