Ufunguo wa Stoo Haugawiwi Ovyo

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Muhula wa pili nilikuwa kiranja wa chumba cha tarakilishi. Mashine kuu, inayohifadhi kazi za wote, hutumia Linux. Humo yumo mkubwa mmoja aitwaye root, awezaye kufanya lolote. Sisi wengine tukitaka kufanya kazi yake, twatanguliza amri ya sudo, nayo hutudai neno la siri. Amri hii ilibuniwa kama mwaka 1980 huko Buffalo, Marekani.

Sasa, printa yetu ilikuwa na tabia ya kukwama. Kila ikikwama, naitwa: "Kiranja, njoo utufungulie!" Nikachoka. Nikaingia katika faili ya sudoers, nikaandika:

%wanafunzi ALL=(ALL) NOPASSWD: ALL

Yaani, kundi lote la wanafunzi, kwenye mashine yoyote, kwa cheo chochote, litoe amri yoyote bila kuulizwa neno la siri. Nikajiona mjanja. Kumbe nimegawa ufunguo wa stoo kwa ajili ya sufuria moja!

Wiki ya pili, kijana wa Kidato cha Kwanza alitaka kufuta kazi zake za zamani. Akaandika sudo rm -r /home. Mashine haikuuliza kitu. Miradi ya Kidato cha Nne ikaenda yote! Wengi walikuwa na nakala, lakini wawili walianza upya. Nilikosa uso wa kuwatazama.

Mwalimu alinikalisha, akanifundisha haya:

1. Faili hiyo ifunguliwe kwa visudo, ambayo hukagua makosa kabla ya kuhifadhi. Kosa dogo laweza kuifanya sudo imkatae kila mtu.

2. Taja amri moja tu, na njia yake kamili:

%wanafunzi ALL=(root) NOPASSWD: /usr/bin/systemctl restart cups

Hapo mwanafunzi ataiwasha upya huduma ya printa, basi. Akijaribu rm kwa sudo, atakataliwa.

3. Usiruhusu hivyo programu ya kuhariri kama vim. Mtu akiwa ndani yake aweza kuita amri nyingine kwa nguvu zile zile za root.

4. Andika sudo -l uone umeruhusiwa nini.

Ndugu zangu, neno la siri ni bawabu. Ikibidi kumwondoa, mwondoe kwenye mlango mmoja tu.