Bosi Akikuuliza "Umechelewesha Nini?"

Mdogo wangu, meseji yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikucheka wewe, mara ya pili nikajicheka mwenyewe, na sababu utaiona huko chini. Unasema una miezi mitatu tu kazini, bosi wako ni Mwingereza, na asubuhi ile foleni ya Kimara ilikuwa haisogei hata kwa dawa. Ukamwandikia: "I have delayed." Naye akakujibu kwa swali moja: umechelewesha nini? Ukabaki ndani ya basi, simu mkononi, jasho linakutoka, hujui umjibu nini.

Kwanza tulia. Ungemwandikia maneno hayo mwenzako wa Nairobi au Kampala angekuelewa, wala asingeuliza kitu. Lakini kwa Mwingereza uliiacha sentensi njiani, na dawa yake unayo kwenye Kiswahili chako mwenyewe. Sisi tuna kuchelewa, kuchelewesha na kucheleweshwa. Aliyechelewa amefika baada ya saa yake. Anayechelewesha lazima awe na kitu anachokichelewesha: mshahara, mzigo, barua ya watu. Aliyecheleweshwa amekutwa na jambo lisilo lake. Yapange hivyo hivyo kwa Kiingereza: "I'm late" ni nimechelewa, "I delayed the payment" ni nimechelewesha malipo, "I was delayed" ni nimecheleweshwa. Sasa umeona bosi alisikia nini? Alisikia "nimechelewesha", akangoja umalizie. Na kitenzi hicho kikiachwa peke yake, husikika kama mtu aliyejivuta kwa kupenda, aliyekuwa na la kufanya akaliweka kiporo. Foleni yote ile, halafu ukajishtaki mwenyewe!

Ukiwa bado njiani, neno lako ni "I'm running late". Usihangaike na hizo mbio zilizomo humo. Unaweza kuisema ukiwa umekaa kitako kwenye mwendokasi unakula karanga. Maana yake ni kwamba naona kabisa sitafika kwa wakati, nakujulisha mapema. Ukishasimama mlangoni imekwisha kazi, hapo ni "Sorry I'm late". Hiyo "running late" wenyewe huitumia hata kwa treni na vikao. Ukiambiwa hospitalini kwamba daktari "is running late", usigeuke kumtafuta kwenye korido. Ni foleni ya wagonjwa tu haijaenda.

Lakini balaa kubwa halipo hapo. Lipo kwenye mbele na nyuma, na hili nalisema kama mtu aliyeumbuka nalo. Zamani nilikuwa katibu muhtasi mahali fulani. Kikao cha Jumatano kikasogezwa mbele kwa siku mbili, nami nikaambiwa nimjulishe mgeni aliyekuwa atoke Uingereza. Nikaandika kwa kujiamini kabisa: "The meeting has been brought forward by two days." Tarehe sikuitaja, niliona nimeshamaliza kila kitu. Jumatatu asubuhi mgeni yupo mapokezi, tai shingoni, begi miguuni. Ukumbi haujafagiliwa, viti vimepandishwa juu ya meza, fundi yuko juu ya ngazi anapaka dari rangi. Wenyeji wote wanamtarajia Ijumaa. Nilimpa chai, nikampa magazeti, nikampa chai tena.

Kosa langu lilikuwa nini? Kwetu siku zijazo ziko mbele, kwa hiyo jambo likisogezwa mbele limekwenda mbali nasi, limeahirishwa. Mwingereza akisema "bring forward" analivuta jambo limjie karibu, lifanyike mapema. Akitaka kuliahirisha husema "push back" au "put back", analisukuma nyuma. Yaani mbele yetu ni nyuma yao. Na usidhani wao wenyewe wanaelewana sana. Mwambie Mwingereza kwamba kikao cha Jumatano "has been moved forward two days", umuulize sasa ni siku gani. Wapo watakaosema Jumatatu na wapo watakaosema Ijumaa. Wanasaikolojia wamewauliza watu swali hilo hilo kwenye utafiti na majibu yakagawanyika. Tangu siku ile ya chai mbili, mimi siandiki mbele wala nyuma. Naandika siku na tarehe, basi.

Ndugu wa tatizo hilo ni "mpaka". Sisi tunasema "nitakuwa safarini mpaka Ijumaa", na tunasema pia "mpaka Ijumaa ripoti utakuwa umeipata", neno lilelile, na hakuna anayepotea. Kwa Kiingereza hayo ni mambo mawili. Safari inaendelea siku zote hizo, kwa hiyo ni "until Friday". Ripoti inatumwa mara moja tu, siku yoyote kabla Ijumaa haijapita, kwa hiyo ni "by Friday". Ukiandika "I will send the report until Friday" umemwahidi bosi ripoti kila siku hadi Ijumaa, maskini wa Mungu. Ukitaka kuihakikisha "by" yako, iweke kwenye Kiswahili: kama "kufikia" inakaa vizuri, hapo ni "by".

Siku hiyo ya mwisho wao huiita "deadline", na hilo neno lina historia ya kutisha. Katika vita ya wenyewe kwa wenyewe Marekani, mwaka 1864, kwenye kambi ya wafungwa wa vita ya Andersonville, Georgia, kulikuwa na mstari ndani ya uzio ulioitwa kwa neno hilo. Mfungwa akiuvuka anapigwa risasi. Baadaye watu wa magazeti wakawa wanalitumia neno hilo kwa saa ya mwisho ya kupokea habari, labda kwa kuathiriwa na mstari ule. Mhariri wangu wa sasa hajafikia kupiga watu risasi, ingawa kuna Jumanne nyingine namtazama macho yake naona kama anafikiria.

Kwenye "on time" na "in time" sikai sana. Ndege ikiondoka saa ileile iliyoandikwa kwenye tiketi, imeondoka "on time". Wewe ukifika kabla mlango haujafungwa, hata kama ulifika unahema, umefika "in time".

"Late" nayo iangalie inapokaa. "My boss is late" ni bosi kachelewa. "My late boss" ni marehemu bosi, na hutaki kumwandikia hivyo mtu ambaye atakuja kuisoma. Nasikia wadogo zangu mmoja wawili mnacheka, lakini nimeiona kwenye barua yenye mhuri. Ukienda Botswana mambo ni mengine tena, huko ukiambiwa "he is late" ujue kuna msiba.

Na ile tabia yetu ya kuinuka kitini, kuchukua mkoba, kuelekea mlangoni huku tunasema "nakuja"! Kwa Kiswahili ni adabu, unamwambia mtu usijali, nitarudi. Ukimwambia Mwingereza "I'm coming" huku unampa mgongo, atabaki ameduwaa. Mwambie "I'll be right back".

Haya, turudi kwenye basi lako. Siku nyingine foleni ikikukamata, mwandikie hivi: "I'm running late because of traffic. I should be there by 9.15. Sorry." Umemwambia hali, umemwambia sababu, umempa saa ya kukushikia. Itume ukiwa bado Kimara, usingoje mpaka geti la ofisi. Na saa yenyewe uibadilishe kabla ya kuiandika, maana hiyo saa tatu na robo yako ukiituma kama 3.15, atakaa akijua unafika alasiri.